Kisinza, Meya Aliyefunga Lango

Kaeni, watu wa Itandula, na aliyesimama mbali asogee, kwa kuwa habari hii haisimuliwi kwa kupaza sauti. Ni habari ya zama zile ambazo mji huu haukuwa mji bali majabali matupu, fisi wakizalia katika mapango yake na nyasi zikiungua kila kiangazi pasi na mtu wa kuzizima. Zama za babu wa babu zetu, baada ya vita vilivyoteketeza vijiji vya bonde lote la Sibwe, watu wakatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu ya moto. Nitakayemtaja ni Kisinza mwana wa Masalu, Masalu mwana wa Ng'wandu, Ng'wandu mwana wa Yule Aliyevuka Mto Ukiwa Umejaa. Na mama yake ni Ngolo, binti wa wafinyanzi, mwanamke aliyekufa ganzi miguu yote miwili siku nyumba yake ilipomwangukia. Kisinza Bega la Jabali. Kisinza Mpasua Njia. Kisinza aliyewagawia watu wote viwanja, cha kwake akakichukua mwisho.

Zama hizo neno meya halikuwa limefika kwetu. Lakini kazi ilikuwako kabla ya jina lake, na aliyeifanya kwanza ni yeye. Kwa hiyo sisi tunamwita meya, Meya wa Kwanza, na wote waliokalia kiti kile baada yake wamekikalia kwa wasiwasi.

Alipotoka bondeni alimbeba mama yake mgongoni siku kumi na moja, asimtue ila usiku, na waliomwona mtu akienda namna ile, jasho likimtiririka na hatua zake zisipungue, walidhani bila shaka anajua aendako, wakamfuata. Koo tatu zilimfuata. Wala hakujua aendako. Jambo hilo alimwambia mkewe Minza peke yake, naye Minza akamjibu, "Basi usimwambie mtu mwingine." Siku ya kumi na moja, walipokuwa wakipita chini ya majabali haya na watoto wameshaanza kulegea kwa kiu, Ngolo aliona kutoka mgongoni kwa mwanawe manyigu wakitoka katika ufa wa mwamba, kila mmoja amebeba punje ya udongo mbichi. Binti wa wafinyanzi hafundishwi udongo. Akasema, "Nitue hapa. Humo ndani mna maji."

Kisinza akaupasua mwamba ule. Aliukokea moto mchana kutwa, akaumwagia maji machache yaliyojichuja ufani usiku, watu wakinusurika kwa matone hayohayo, akaupiga kwa nyundo ya jiwe, na akafanya hivyo siku arobaini mpaka ngozi ya viganja vyake ikatoka na kuota tena. Chemchemi ikafunguka. Mama yake akanywa wa kwanza, na mwezi uleule akafa, wakamzika juu, mahali ambapo upepo unafika.

Kisha akaujenga mji. Wengine husifiwa kwa vichwa walivyokata. Kisinza tunamsifu kwa njia alizozipima kwa miguu yake, pana kiasi cha makundi mawili ya ng'ombe kupishana pasipo mchungaji kumtukana mwenzake. Tunamsifu kwa mashimo ya taka aliyoyaweka upande unakoelekea upepo, na kwa wachinjaji aliowahamishia chini ya chemchemi, nao wakamnunia mwaka mzima. Tunamsifu kwa soko aliloliweka katikati ya koo tatu ili pasiwe na ukoo utakaosema soko ni lake. Akajenga na ukuta wa mawe kuuzunguka mji wote, wenye lango moja la mninga, na Luhende mhunzi akalifulia komeo la chuma lililobebwa na watu wawili, ingawa Kisinza alilinyanyua kwa mkono mmoja.

Na alikuwa na hila kama alivyokuwa na nguvu. Mtemi mmoja wa kaskazini, mwenye mikuki mingi, alipotuma wajumbe waje kuupeleleza mji kabla ya kuushambulia, Kisinza aliwapokea kwa pombe na nyama, akawatembeza taratibu kutoka mtaa hadi mtaa. Na watu walewale waliowapigia vigelegele mtaa wa kwanza walikimbia vichochoroni, wakabadili nguo, wakawapigia vigelegele mtaa wa pili, na wa tatu, na wa nne. Mjumbe mmoja alikuwa na macho makali. Akauliza, "Mbona wazee wenye jicho moja wamekuwa wengi katika mji huu? Huyu ni wa nne." Kisinza akamjibu bila kucheka, "Hao ndio waliorudi vitani. Wenye macho mawili wako mashambani, nao ni wengi zaidi." Wajumbe wakarudi kwao, na mikuki ile haikuja. Watu walicheka juma zima. Nawaomba mkikumbuke kicheko hicho, kwani tangu hapa sina kingine cha kuwapa.

Mwaka wa ishirini na mbili wa umeya wake, ndui ilitoka mashariki. Ilikuja na wasafiri, ikaingia kijiji baada ya kijiji, na mahali ilipopita ng'ombe walilia kwa maziwa kujaa na hakuna wa kuwakama. Habari zilipofika, Kisinza aliliita baraza la watu kumi na wawili, wanne wanne kwa kila ukoo, wakakaa tangu asubuhi. Walikuwapo waliolia. Hakuwapo aliyekuwa na shauri jingine. Ndipo akasimama, akasema maneno ambayo watoto wetu wanayajua kabla hawajajua kuhesabu:

"Tangu leo lango limefungwa. Halifunguliwi kwa mgonjwa, na kwa mzima halifunguliwi, kwa kuwa mzima wa leo hatumjui kesho. Atakayefika atateremshiwa chakula na maji kwa kamba, na kilichoteremshwa hakipandi tena. Halifunguliwi kwa ndugu wa mtu yeyote, hata awe wangu."

Baraza likapiga makofi. Na yeye aliyesema "hata awe wangu" alisikia jinsi neno hilo lilivyomtoka kwa wepesi, kwa sababu mwanawe wa pekee, Kwandu, alikuwa ameolewa Ibelele, magharibi, mwendo wa siku mbili, na ndui ilikuwa ikitoka mashariki. Wepesi huo aliukumbuka baadaye.

Wa kwanza kufika alikuwa Sayi, mdogo wake Luhende mhunzi. Alifika na malengelenge usoni. Mke wa Luhende alimwendea Kisinza, akapiga magoti, akaomba shemeji yake awekwe katika zizi kuukuu la ng'ombe, ndani ya ukuta, mbali na nyumba. Kisinza akamwinua kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba zizi lile liko juu ya chemchemi, na kinachotiririka pale watu wote watakinywa. Luhende akakaa juu ya ukuta siku nne akizungumza na mdogo wake, habari za utotoni, habari za mbwa waliyekuwa naye, mpaka mdogo wake akaacha kujibu. Akashuka, akarudi kiwandani kwake kufua majembe, wala hakumsalimu Kisinza tena.

Wakafika wengine. Walilala chini ya ukuta, upande wa kivuli, na kivuli kilipohama walihama nacho wale walioweza. Kisinza alipanda ukutani kila asubuhi na kila alasiri, akawauliza majina yao na majina ya vijiji vyao, ili asiwepo atakayekufa pale bila kujulikana. Aliyashika majina hayo kichwani, na usingizi ukaanza kumkimbia.

Siku ya kumi na tisa, jua likiwa limepanda kiasi cha kukausha umande, watu kumi na tisa walitokea upande wa magharibi. Aliyetangulia alikuwa mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni. Akaja mpaka mbele ya lango, akasimama, akaita:

"Hodi! Hodi nyumbani kwetu!"

Walinzi walimjua tangu alipokuwa akikimbia uchi katika njia za mji huu. Mmoja akashuka ukutani akajificha uso. Kwandu akapiga hodi mara ya pili na ya tatu, na watu wakatoka majumbani mwao wakasimama njiani, wakimpisha Kisinza aliyekuwa anakuja.

Akapanda. Akamtazama mwanawe kutoka juu.

"Baba, ni mimi."

"Nakuona, mwanangu."

"Tuko wazima, baba. Tulitoka kabla haijafika kwetu." Akajifunua mikono mpaka mabegani, akamfungua mtoto, akamgeuza huku na huku juani. "Tazama. Hana hata kipele. Huyu ndiye Ngolo, nilimpa jina la bibi. Hujapata kumwona."

Kisinza akamtazama mtoto. Alikuwa mzima, mwenye mapaja manene, akilia kwa kuchomwa na jua. Macho ya mzee yakateremka hadi kwa wale waliolala chini ya ukuta, ambao wengine walikuwa wamejiinua kwa viwiko ili waone kama lango litafunguka. Kwani nao walikuwa wamesikia hodi ile, na kila mmoja wao alikuwa ameipiga siku yake.

Akasema, "Kwandu, usikaribie hawa. Nenda kwenye miamba ile ya juu, wewe na wenzako. Maji yenu nitayateremsha upande ule."

"Mpaka lini, baba?"

Kisinza akaitazama miamba. Kwandu akangoja. Kisha akamfunga mtoto mgongoni upya, polepole, akivuta nguo na kuikaza kama mtu ambaye hana haraka, akawageukia wenzake akawaambia waende kwenye miamba.

Minza alimkuta mumewe chini ya ngazi ya ukuta. Hakupiga kelele. "Baba Kwandu," akasema, "walaze zizini siku thelathini. Nitakaa nao mimi. Tukiumwa, tutaumwa sisi."

"Mke wa Luhende aliniomba zizi lilelile."

"Sayi alikuwa mgonjwa. Hawa ni wazima."

"Na Shoma mwashi? Mama yake alikuwa mzima alipofika. Na wale mapacha wa Bukoli? Walikuwa wazima, Minza, niliwaona kwa macho yangu. Niliwaambia lango halifunguliwi." Akalishika jiwe la ukuta kwa mkono mmoja, na waliokuwa karibu wanasema jiwe lilisogea. "Nikimfungulia wangu, nimewaua wao kwa nini?"

Ndipo Luhende mhunzi akaja, amebeba nyundo yake kubwa. Watu walidhani amekuja kufanya shari, kwani tangu mdogo wake afe hakuwa amefungua kinywa mbele ya meya. Akasimama karibu, akasema, "Mzee, komeo hili nililifua mimi. Nipe ruhusa niliondoe. Usimwache mtoto wako nje kwa ajili yangu. Mimi la kwangu nimelisamehe, na ninalisema mbele ya watu hawa."

Katika maisha yake yote Kisinza hakuwahi kupewa zawadi kubwa kama ile, na alilijua hilo, na moyo wake ulikwenda mpaka langoni ukarudi. Mwisho akasema:

"Umenisamehe wewe, Luhende, nami nakushukuru. Wale waliolala nje nitamtuma nani akawaombe msamaha? Nyundo yako irudishe nyumbani."

Siku ile, jua likianza kuinama, Minza alifunga kibindo chake, akatwaa blanketi na dawa za majani, akapanda ukutani mahali vikapu vilipokuwa vikiteremshiwa. Akakaa ndani ya kikapu kikubwa cha nafaka. Walinzi walikataa kuishika kamba. Akamwita mumewe.

"Niteremshe wewe," akasema. "Hawa mikono inawatetemeka."

"Ukishuka hupandi."

"Neno hilo nalijua. Nilikuwapo uliposema." Kisha akalegeza sauti. "Wewe ni wa mji, Baba Kwandu. Sikulaumu. Mimi ni wa mwanangu."

Kisinza akaizungushia kamba kiunoni mwake, akaweka mguu juu ya jiwe, akamteremsha. Yeye aliyepasua mwamba na kunyanyua komeo kwa mkono mmoja alimteremsha mkewe shibiri kwa shibiri, kwa utaratibu usiomtikisa hata kidogo, mpaka kamba ikalegea. Akaendelea kuishika ikiwa imelegea. Walinzi walimwondolea kamba ile kiunoni baada ya giza kuingia.

Kwa siku nane watu wa kwenye miamba walikuwa wazima. Kisinza alikwenda kuwaona kila asubuhi, akaongea na mkewe na mwanawe kwa mbali, habari za chakula, habari za mtoto aliyeanza kusimama kwa kushikilia mwamba. Siku ya nane mtoto alisimama bila kushikilia, Minza akapiga kigelegele, na walinzi juu ya ukuta wakapiga makofi wakajisahau. Siku ya tisa mtoto akashikwa na homa. Hakuna ajuaye ndui iliwafikiaje: kwa upepo, kwa nzi, au kwa mmoja wao aliyeshuka usiku kumpa maji mtu wa chini ya ukuta aliyekuwa akilia. Alikufa Ngolo mdogo. Wakafuata watu wa Ibelele, mmoja mmoja. Kwandu alikaa siku kumi na mbili, na siku ya mwisho alikuwa haoni tena kwa vidonda vya macho, akamuuliza mama yake kama lango limefunguliwa, na Minza, sauti yake ikipaa mpaka juu ya ukuta, akamwambia, "Limefunguliwa, mwanangu. Tunaingia sasa hivi." Minza akabaki wa mwisho. Asubuhi moja Kisinza alimwita, naye alikuwa ameegemea mwamba, blanketi kichwani, na hakuinua mkono.

Siku tisini zilipotimia, na siku ishirini zimepita bila mtu mpya kufika, Luhende aliliondoa komeo. Ndani ya Itandula walikuwamo watu elfu nne, na hapakuwa na mmoja aliyeugua. Hata mmoja. Kote bondeni na uwandani hakikusalia kijiji kingine chenye moshi.

Kisinza alitoka peke yake, akawakataza wengine kumsaidia, akasema, "Waliofungiwa kwa neno langu watazikwa kwa mkono wangu." Akazika watu mia moja na kumi na wawili kwa siku kumi na nane, katika ardhi ngumu ya kiangazi, akilitaja jina la kila mmoja na kijiji chake kabla ya kumfukia. Hakukosea jina. Mkewe, mwanawe na mjukuu wake aliwazika kwa zamu yao, katika mstari, bila kuwatanguliza wala kuwapa nafasi kubwa zaidi.

Alipomaliza, mji ulimtokea na ngoma. Wanawake walikuwa wametunga wimbo wakimwita Ngao ya Mji, na walikuwa wamemtandikia mikeka toka langoni hadi barazani. Wengi waliimba wakilia, maana walikuwa na watoto wao mikononi, na watoto walikuwa hai. Akasimama nje ya lango, udongo umemganda mpaka viwikoni, akainua mkono, wimbo ukanyamaza. Hili ndilo neno lake la mwisho kama meya:

"Msiniimbie. Nililifanya mkiwa mnaniona, na nikirudishwa siku ile nitalifanya tena vilevile, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu anayeweza jambo hilo msimkaribishe ndani. Tafuteni mwingine."

Nao walimsihi, siku hiyo na siku nyingi. Hakulipita lango tena. Alijijengea kibanda cha matawi karibu na makaburi, akawa anayaondolea magugu. Luhende ndiye aliyempelekea chakula, akikaa naye mpaka ale, kwa kuwa asipokaa naye alikigawa kwa wapita njia. Siku moja Luhende akamuuliza kama anadhani mji ungepona endapo wangefungua.

"Sijui," akasema Kisinza. Kisha, aking'oa gugu, "Walikuwa wazima, Luhende. Siku nane niliwatazama. Walikuwa wazima."

Luhende akamsogezea chakula.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Luhende alikuta kibanda kitupu na moto umezimwa kwa udongo vizuri. Nyayo zilielekea magharibi, njia ya Ibelele, ambako hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumpokea. Walizifuata mpaka kwenye uwanda wa mawe. Hapo nyayo zikaisha, na mvua ikawarudisha. Wapo wasemao ardhi ilimpokea akiwa amesimama. Mimi nilivyopokea kwa walionitangulia ni kwamba hakuonekana tena, basi.

Lango hatukuling'oa. Wapo waliotaka. Baraza lilikaa siku tatu likibishana, na mwisho likaamua libaki, kwa kuwa kila aliyeketi pale alikuwa hai kwa sababu ya lango lile, na wote walilijua hilo, na hapakuwa na aliyeweza kumtazama mwenzake usoni. Lakini mgeni akija Itandula hushangaa kwamba mlangoni kwa mtu hatupigi hodi. Tunakohoa, tunagonga fimbo chini, tunaita jina la mwenye nyumba. Neno lile halitamkwi hapa, isipokuwa ndani ya habari hii, na siku moja tu, siku ya kumweka meya.

Siku hiyo ateuliwaye husimamishwa nje, mbele ya lango lililofungwa, na mtu wa ukoo wa Luhende humuuliza mbele ya watu wote: "Mwanao yuko nje, anapiga hodi. Utafanyaje?" Wa kwanza kuulizwa baada ya Kisinza alijibu upesi kwamba atafungua. Watu wakatazamana, wakaitazama miamba, wakamkataa. Wa pili akajibu kwamba atafunga, tena kwa sauti thabiti, na huyo walimkataa kabla hajamaliza. Wa tatu alifungua kinywa, akakifumba. Alisimama pale mpaka jua likampita kichwani, machozi yakimshuka hadi kifuani, na hakusema kitu. Wakamfungulia, wakamwongoza kwa mkono mpaka kwenye kiti.